Hapana Mbili za Mjomba Wako

Mtaa wa Sonora,
Stockton, California.
25 Februari 2024

Mpendwa Dada Lai Heung,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta magoti yamekubali tena kupanda ngazi, na joto la huko Melbourne limeanza kuwahurumia. Shemeji naye vipi, bado anagombana na daktari juu ya chumvi? Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua, ila ulimi wake mzima kabisa. Mimi mkanda umebakiwa na tundu moja, na hilo nalo tunaliombea dua. Ukungu umetukalia tangu mwezi uliopita. Asubuhi nafungua duka la miwani wala sioni ng'ambo ya barabara, na hilo si tangazo zuri kwa fundi miwani.

Nimepata barua yako pamoja na kile kipande cha gazeti. Sikujua kwamba habari za mjomba wako zimefika hadi huko. Unasema umejivunia, umewasomea wenzako wa kanisani, na unaniomba nimpongeze kwa unyenyekevu wake. Dada yangu, sijampongeza. Kipande nimekificha kwenye droo ya soksi, na nakuandikia nikueleze kwa nini.

Wewe hukulelewa na Mzee Ping. Sisi wa huku tumelelewa naye. Ni yule wa kwenye kopo la tambi za kukaanga: macho mistari miwili, meno mawili yametoka nje kama yanaulizia njia, ndevu mikia ya panya, kofia kama ungo. Kwenye televisheni aliigizwa na mzungu aliyebandikwa kope kwa gundi, akiinamainama na kusema, "Mimi pika, wewe kula, wote furahi." Shuleni sikuwa na jina, nilikuwa Mimi Pika. Hata mwaka jana mteja mmoja, mtu mzima na suti yake, nikiwa nampima macho akaniuliza, "Na wewe kwa macho hayo unaona kweli?" Nikacheka. Huwa nacheka. Ni sehemu ya huduma, bei ile ile.

Sasa, ambalo gazeti lilikueleza juujuu ni kwamba Mzee Ping ni Baba. Mwaka 1968 alikuwa mpakiaji kwenye kiwanda hicho cha tambi, kijana wa miaka ishirini na tisa. Mchoraji wa kampuni alikuja akitaka Mchina wa kumtazama achore, na msimamizi akamwonyesha wa karibu. Wakampiga picha ameshika bakuli. Picha hiyo tunayo. Kijana amefunga tai, nywele kazipaka mafuta, taya limekaa sawasawa. Uzuri ule sijui ulipotelea wapi ulipokuwa unakuja kwangu. Mchoraji akaichukua, akaenda zake, akarudi na yule mwenye meno.

Baba alilipwa katoni moja ya tambi na ruhusa ya nusu siku. Kopo la kwanza lilipopita mbele yake, wenzake walicheka hadi mashine ikasimamishwa. Naye alicheka. Alibaki pale mpaka kustaafu, akipakia kila siku sura ambayo si yake, na kila mtu akimwambia ndiyo yake.

Basi tuje kwa Marisa, binti yangu, yule uliyemtumia sweta ikafika ameshaizidi. Yuko chuo kikuu, na mwaka juzi yeye na wenzake walianza kupiga kelele kwamba Mzee Ping aondolewe. Mimi, kama ujuavyo ushujaa wangu, nilimwambia asubiri kwanza nimalize kulipia duka.

Jambo likafika ukumbini kwenye chama chetu cha ukoo, Jumapili, baada ya chai. Mzee Jang, muuza nyama, ndiye aliyeanza.

"Hiyo picha imekukosea nini, mjukuu? Haili, haidai kodi."

"Inatutukana, babu," Marisa akasema.

"Mimi nimetukanwa na watu wenye miguu, wakanifuata mpaka mlangoni. Leo nikasirikie kopo?"

"Kopo ndilo lililowafundisha hao wenye miguu."

"Lo. Na waliomtukana babu yangu, miaka ya kujenga reli, walifundishwa na kopo gani?"

Watu wakacheka. Bi Louie, yule mwenye duka la kufulia nguo, akaweka kikombe chini. "Wewe Jang nyamaza. Wanao wote wanne wamejibandika majina ya kizungu. Walikuwa wanamkimbia nani kama si huyu wa kwenye kopo?"

Jang alitazama majani yake ya chai kama mtu aliyepoteza pete humo.

Baba alikuwa nyuma kabisa, anamenya chungwa. Lakini tulipokuwa tunarudi ndani ya gari alimwuliza Marisa, "Wakimtoa huyo, watamweka nani?"

"Watakuweka wewe, Babu. Wewe hasa, na jina lako. Ndicho tunachodai."

Aligeukia dirishani, akatazama mashamba mpaka nyumbani. Kesho yake akamwuliza Mama ile picha yenye tai iko wapi.

Tangu siku hiyo hakuwa na hamu nyingine, Dada. Hakusema, lakini mzee wa miaka themanini na nne anapoanza kunyoa kila siku, unajua kuna kitu anakingoja. Aliitafutia picha bahasha nzuri. Alinunua tai, na mwanamume huyo mara ya mwisho kununua tai mimi nilikuwa naoa. Mama alimkuta mbele ya kioo anajaribu kutabasamu bila kufumba macho. Akamwambia, "Acha hayo, utawatisha wanunuzi." Akaacha. Mama alipotoka, akaanza tena.

Septemba iliyopita kampuni ikakubali. Kwa kweli ni maduka makubwa mawili yaliyokataa kuweka kopo rafuni ndiyo yaliyokubali kwa niaba yao, lakini tusitafute mengi. Wakatuma watu nyumbani: mama mmoja, Bi Whitcomb, mwenye sauti ya hospitali, na mwenzake wa kushika kamera. Mama aliandaa chai, machungwa na keki za maharage. Baba alikaa kwenye kiti chake na tai yake, na bahasha ameiweka chini ya kiti, ukingo umechomoza kidogo. Mimi niliuona. Nadhani alitaka uonekane.

Bi Whitcomb aliomba radhi vizuri, sitamdhulumu. Kisha akasema, "Bwana Dea, tungependa kopo jipya liwe na picha yako ya kweli na jina lako kamili. Je, ungetukubalia?"

Wewe unajua kilichofuata. Sina haja ya kukueleza, maana mama yako, shangazi yetu mpenzi, ndiye aliyetufinya masikio sisi sote kwa ajili ya jambo hilo. Ukipewa kitu, kataa. Ukipewa tena, kataa na uongeze sababu. Ukipewa mara ya tatu, pokea huku unanung'unika. Anayepokea upesi ana njaa, na mwenyeji asiyeuliza mara ya tatu ana lake jambo. Unakumbuka paja la kuku kwenye harusi ya Ah Keung, lilivyotembea meza nzima kama maiti asiye na ndugu?

Basi Baba akatikisa mkono. "Hapana, hapana. Mimi nani? Mpakiaji tu wa makopo."

"Una uhakika, Bwana Dea?"

"Uhakika kabisa. Uso wa mzee huu, watu watapoteza hamu ya kula."

Akasogeza mguu kidogo, kisigino kikagusa bahasha. Alikuwa tayari. Mama alikuwa tayari. Mimi nilikuwa nimeshaweka kikombe chini nipate mikono ya kupiga makofi. Kilichobaki ni yule mama kusema, "Tafadhali, Bwana Dea, sisi tunaomba."

Yeye akaweka mkono kifuani. Machozi yakamlengalenga. Akamgeukia mwenye kamera. "Unyenyekevu gani huu," akasema.

Nikafungua kinywa. "Bi Whitcomb, nadhani Baba ana maana..."

Baba akanitazama. Sijatazamwa hivyo tangu nilipogonga gari lake. Na alikuwa na haki, maana ningemwambia nini yule mgeni? Kwamba mzee anataka sana, anadanganya tu? Ningemvua nguo mbele ya watu.

Hapo aliyeingia kati akawa Marisa. Dada, mtoto huyu anampenda babu yake kuliko anavyonipenda mimi, na simlaumu. Akasimama, akasema kwa heshima zote, "Babu amesema hapana. Kwa miaka hamsini hakuna aliyemwuliza. Leo ameulizwa, amejibu. Naomba jibu lake liheshimiwe."

Amekulia huku. Amefundishwa ulimwengu ambamo hapana ni hapana, na ni ulimwengu mzuri, simtoi humo. Adabu ya kwetu hakuna aliyemfundisha. Tulidhani ataipata hewani, kama mafua.

Wageni wakanywa chai, wakapiga picha ya keki, wakaenda. Mama alianza kukusanya vikombe. "Kwetu hata mwizi huulizwa mara tatu," akasema, akaingia jikoni.

Jumatatu nilimpigia simu Bi Whitcomb. Nilizunguka, nikajikwaa, mwishowe nikamwambia wazi: mwulizeni tena, mara moja tu. Akanijibu taratibu kwamba wana kauli ya Baba mwenyewe kwenye kamera, na kwamba kumbembeleza mzee baada ya kukataa ni kurudia dhuluma ile ile ya zamani. Akaniuliza pia, kwa upole kabisa, kama nina maslahi yoyote katika jambo hili. Niliishukuru simu kwa kutokuwa na picha.

Kopo jipya lilitoka Desemba. Bakuli, na moshi wa bakuli. Basi. Hakuna mtu. Chini yake, kwa maandishi ya kumpimia mtu macho, imeandikwa kwamba sura ya zamani imeondolewa na mpya haikuwekwa kwa kuheshimu matakwa ya mhusika. Hata hapo hawakumtaja. Magazeti yakaandika kampuni ilivyojifunza kusikiliza, na hicho ndicho kipande ulichowasomea watu kanisani. Nasikia tambi zinauzika kuliko zamani.

Nilimpeleka Baba dukani mwenyewe. Nilidhani ni afadhali aone akiwa nami. Alilichukua kopo, akalizungusha lote, akatazama hadi chini kwenye tarehe. Akalirudisha.

"Yule wa zamani," akasema, "angalau watu walijua kuna mtu."

Marisa alielewa Krismasi, Mama alipomweleza jikoni kwa sentensi tatu, na Mama ukimjua, hazikuwa na sukari. Mtoto akatoka na mikono yenye povu, akapiga magoti mbele ya kiti cha babu yake.

"Babu, ulikuwa unataka. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," Baba akamwambia. "Nilisema vizuri, mara mbili."

Akamfuta povu mkononi kwa ile tai mpya. Hajaivaa tena.

Nami nimechoka kuwachukia watu, Dada, maana kila nikitafuta wa kumchukia nakuta mtu mwema. Bi Whitcomb mwema. Marisa mwema. Yule mchoraji naye labda alikuwa mwema, alikuwa na mke na mbwa. Wote wema, na mzee wangu amefutwa mara mbili, ya kwanza kwa kejeli na ya pili kwa heshima. Ya kwanza tuliweza kuicheka. Hii ya pili hata kulalamika inatubidi tuombe radhi kwanza.

Jingine, kisha nikuache. Mwaka Mpya tulikula kwetu, watu wa chama walikuwepo, hata Jang. Samaki alipoletwa, Jang akakata ile nyama ya shavu, kama ada, akamnyooshea Baba. "Mzee Dea, tafadhali, wewe kwanza." Sote tukashika vijiti tukingoja ule mchezo wetu, maana wawili hao wakianza, samaki hupoa.

Baba akasema, "Lete."

Akasogeza sahani yake, akapokea, akala. Hakuna aliyejua pa kutazama. Jang mkono ulibaki hewani, maskini, na maneno ya mara ya pili na ya tatu yakiwa bado mdomoni. Baba alipomaliza akamwambia, "Na lile la upande wa pili." Akapewa. Akala na hilo, taratibu, bila kumtazama mtu, kama mwenye njaa.

Kwa hiyo ukija Juni, kama ulivyoahidi, usimpongeze kwa lolote. Na ukimletea zawadi, mpe mara moja tu, mkononi. Atapokea. Moyo usikuume ukiona hivyo. Sisi wetu ndio kwanza tunaufundisha kuzoea.

Mama anakusalimu, anasema ulete yale majani ya chai na usijifanye umesahau. Marisa anakusalimu; sasa ananiuliza kila kitu mara tatu, hata kama nataka chumvi. Mfikishie salamu Shemeji, na Ah Keung na mkewe, na wajukuu wote nisiowajua kwa majina kwa uzembe wangu. Mbingu ziwalinde, meza yenu isikose mgeni, na mgeni wenu asikose kubembelezwa.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye bila kuulizwa hata mara moja,

Raymond Dea