Si Pilipili ya Mwanahawa

Mtani wangu Shomari,

Nilikudhulumu. Nalisema mwanzo kabisa, maana najijua, nikianza na salamu nitaingiza mzaha na jambo lenyewe litapotelea humo. Nilikudhulumu wewe, nikamdhulumu na mkeo, na siku ya maziko yako nikarudia tena mbele ya watu wote. Salamu zitafuata baadaye kama zitapata nafasi.

Naandika nikiwa stoo ya hoteli, nimekaa juu ya lile kasha la makoti ya kuogelea. Ubao wako wa tanga wa kuteleza baharini umeegemea ukuta pale pale ulipouacha. Tanga umelikunja mwenyewe na kamba umefunga kile kifundo chako ambacho mie hadi leo sikiwezi. Sijalifungua. Meneja ameniletea kijana mwingine, ananiita mzee, shikamoo asubuhi na jioni. Kazi anaifanya. Sina la kusema juu yake.

Sijalia, Shomari. Watu wa Temeke wananiangalia wanasubiri. Mama mwenye nyumba aliniuliza, "Maganga, we huna machozi?" Nikamwambia yapo. Nakula, nalala, naamka, napanda gari la wafanyakazi, nafika Kunduchi, natoa mbao mchangani, narudisha. Mikono inajua yenyewe. Ukiniuliza jana nilikula nini, sijui.

Unakumbuka mwaka ule alipokuja yule mgeni wa Ulaya, Mama Miwani? Ilikuwa kipupwe huku kwetu, kusi linavuma mpaka minazi inalala, na kwao ni kiangazi, wamefunga shule. Wenzake walimtuma atangulie kuchagua mahali, halafu wao wawe wanakuja kila likizo na mbao zao. Alikuwa na ramani kubwa, kila jioni anaitandaza mezani na kuwekea mawe ya pwani ili isipeperuke. Ukamwambia kuna hapa Kunduchi, ambako visiwa vinakinga mawimbi lakini maji yakitoka unabeba ubao kwenye matope na miba ya baharini mpaka unachoka kabla hujapanda. Na kuna kwenu Mjimwema, mchanga mtupu, upepo unapita moja kwa moja. Ulivyokuwa unaisema Mjimwema ungedhani umeiumba wewe.

Sie wengine tulikuwa tunauita ule ubao meza ya pasi. Nani alitaka kupanda meza ya pasi iliyotandikwa shuka? Wewe ukapanda. Ulianguka wiki nzima, wapishi wanatoka jikoni kukucheka, mie ndiye kiongozi wao. "Mzaramo anafua nguo zikiwa mwilini!" Halafu siku moja hukuanguka. Ukaenda, ukageuza, ukarudi, umesimama kama mtu anayengoja foleni ya sukari. Mama Miwani akaanza kukuita mwalimu.

Ile Jumapili ukampeleka kwenu. Akateleza juu ya maji kutwa nzima, mkeo Mwanahawa akapika pweza wa nazi, mkarudi mmechoka mnacheka. Meneja akasema kama mama yule atachagua Mjimwema, shirika lenye hoteli litajenga banda kule, mbao zote zihamie huko na wewe uwe mtunzaji. Ungelala kwako kila siku. Ulikuja stoo kuniambia, huna hata pumzi. Ulikuwa unasema banda lielekee wapi ili Mwanahawa akikuita chakula umsikie.

Kitu ambacho hukujua ni kwamba meneja alikwisha kuniita kabla yako. Aliniambia, "Ndugu Maganga, mbao zikihama, stoo hii naifunga. We utarudi dobi." Ulikuwa unauona mkono wangu wa kushoto ulivyoungua, lakini hujawahi kufanya kazi dobi. Mvuke ule, na pasi za mkaa, na mashuka yasiyokwisha. Miaka yangu yote ya mwanzo hapa mjini niliimalizia mle ndani. Nilitoka ofisini kwa meneja nasikia harufu ya sabuni ile ya dobi puani, na sabuni yenyewe haipo.

Kesho yake Mama Miwani akatuuliza wote wawili pale pwani, kwa kile Kiswahili chake cha taratibu. "Maganga, wewe unaona wapi pazuri? Hapa au Mjimwema?"

Nikasema, "Mjimwema? Kule kuna mkondo unachukua watu. Ukiingia na hicho kiubao, sie tutakuja kukuokota Zanzibar."

Ulicheka hadi ukaishika nguzo. "Muongo mkubwa! Mnyamwezi ameijua bahari lini? Kwao maji mengi ni ya ndoo!"

"Na ukipona mkondo," nikasema, "Wazaramo watakula."

Ukakaa chini mchangani unacheka. Ukamwambia, "Usimsikilize, mama, huyu mtani wangu." Ndivyo tulivyokuwa siku zote. Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana lazima watukanane, wasipotukanana watu watauliza kuna ugomvi gani. Nilikuwa nakuita mtumwa wangu mbele ya wakwe zako, nawe unaniita mbeba mizigo mbele ya meneja. Hakuna neno langu lililowahi kukuuma. Ulilipokea hilo kama ulivyoyapokea mengine yote.

Lakini Mama Miwani hakucheka. Neno mtani hakulijua. Jioni, wewe ukiwa unaosha matanga, alinifuata hapa mlangoni pa stoo peke yake. Akaniuliza, "Lile la mkondo, ni kweli?"

Hapo ndipo, Shomari. La asubuhi lilikuwa utani, naweza kuapa. Hapo jioni ningemwambia, "Hapana mama, tunataniana, pale watoto wanaoga." Maneno hayo yote nilikuwa nayo. Nikamwambia, "Ni kweli, mama. Watu wamepotea pale."

Akanishukuru. Akanishika mkono, huu huu wa kushoto.

Kwa meneja alisema tu Mjimwema hapana, watakuja hapa hapa. Sababu hakuitaja, labda hakutaka kukuvunjia heshima kwenu. Mie nikabaki na stoo yangu. Wewe ukabaki kwenye chumba cha wafanyakazi, unakwenda kwako Jumapili kwa Jumapili, na Jumapili nyingine pantoni halifanyi kazi, huendi.

Ukaanza kutafuta sababu. Hukunitafuta mie hata mara moja. Ulitafuta kwenye mchanga, kwenye upepo, kwenye njia ya kuingilia kijijini, mwishowe ukatafuta kwenye chungu cha mkeo. Ukakumbuka kwamba siku ile mama yule alitokwa na machozi kwa pilipili, akamaliza maji ya jagi. Ukanisimulia unacheka: "Nimemwambia Mwanahawa, mke wangu, ungepunguza pilipili leo ningekuwa nalala kwangu." Nikacheka na wewe. Ilikuwa rahisi sana kucheka.

Yeye hakuona kichekesho. Ile Idi niliyokuja kwenu alinipakulia mchuzi wa samaki hauna ladha yoyote. Nikamtania kama kawaida, "We Mzaramo, umesahau kupika?" Akajibu akiwa hanitazami, "Pilipili ilinifukuzia mume, shemeji. Siipiki tena." Athumani wenu wakati ule mdogo, amekaa mlangoni, akamuuliza mama yake kwa sauti kubwa, "Mgeni anaondoka lini?" Nikadhani ananisema mie. Alikuwa anakusema wewe baba yake. Mkacheka nyote, na hadithi hiyo ukaipeleka hadi jikoni hotelini. Mie nilimaliza sahani yangu. Nikaomba na maji ya kunawa.

Homa ilipokukamata klorokwini hazikufanya kitu. Ukasema, "Nipeleke kwetu." Tulipata lifti ya lori la saruji linalotoka Wazo, dereva akatuweka mbele, wewe katikati, kichwa begani kwangu. Mjini tukakuta pantoni bovu, watu wamejaa Magogoni wanatazama ng'ambo. Ng'ambo pale, Shomari, unaona hadi nguo zilizoanikwa. Nikasema tutazunguka kwa barabara ya Kongowe. Petroli hakuna, gari hakuna. Ndiyo nikakuleta chumbani kwangu Temeke tungoje.

Ukalala kwenye kitanda changu, unatazama dari. Ukaniuliza, "Hivi mtani, yule mama alitaka nini zaidi? Upepo si tulikuwa nao?"

Nikakwambia, "Pumzika kwanza."

Hilo ndilo neno langu la mwisho kwako. Nikatoka kutafuta gari. Nilizunguka mpaka karibu na alasiri, nikampata mtu mwenye pikapu ya kubebea mkaa, akakubali. Narudi nakuta mama mwenye nyumba amesimama mlangoni na kanga amejifunga kichwani. Sikumuuliza. Nikarudi kumwambia mwenye pikapu asubiri, kwamba safari ipo vilevile.

Msiba wako ulikuwa mzuri. Nakupa habari kama ulivyokuwa unapenda. Balozi wa nyumba kumi alihangaika, akatupatia kibali cha sukari na mchele kwenye duka la ushirika, watu wakanywa chai. Na mie nilifanya kazi ya mtani. Nilivaa shati lako la hoteli. Nikapanda juu ya benchi pale uani, nikashika ufagio kama mlingoti, nikayumba, nikaanguka kwenye vumbi. Nikasimama, nikaanguka tena. Watu walicheka hadi wengine wakajificha nyuso. Nilimsikia Mwanahawa ndani, katikati ya kilio chake, akicheka. Nililisimamia jeneza nikasema haliondoki hadi Wazaramo mnilipe kwa kumlisha mtumwa wangu miaka yote hii. Kila kitu kilikwenda kama inavyotakiwa.

Halafu mkubwa wa ukoo wenu, Mzee Kibwana, kaka yako, akasimama. Akasema yale yanayosemwa: kama kuna mtu anamdai marehemu, au kuna aliyemkosea, aseme sasa tusimfunge ndugu yetu huko aendako. Nikanyoosha mkono nikasema, "Mie nilimdhulumu."

Wakalipuka. Uani kote, kicheko. Mmoja akasema, "Ameanza tena huyo!" Mzee Kibwana naye alishindwa kujizuia, akaniuliza, "Mnyamwezi, ulimdhulumu nini, ugali?"

Nilikuwa nimevaa shati lako, nina vumbi hadi puani. Walikuwa wananitazama wanangoja kichekesho. Ningesema, Shomari. Nilikuwa nimekwisha kufungua mlango, kilichobaki ni kuingia.

Nikasema, "Ugali. Na mboga."

Wakakubeba, tukaenda kukuzika.

Kesho yake pantoni lilitengenezwa.

Sasa kusi limeanza tena. Juzi walikuja wageni wawili, mtu na mkewe, vijana, wapo likizo, wana ubao wao wenyewe wamekuja nao kwenye ndege. Wakaniuliza kama alivyoniuliza yule mama: hapa ni wapi pazuri? Nikasema Mjimwema. Lilitoka tu. Kijana huyu wa stoo akashangaa, maana hakuna banda kule wala chochote. Wakakodi gari wakaenda. Nilikaa hapa kwenye kasha siku nzima. Jioni wakarudi wamebabuka jua, nywele zimejaa chumvi, wanasema hawajapata kuona upepo kama ule. Hakuna aliyechukuliwa na mkondo. Nikawapokea ubao, nikaumwagia maji, nikauweka karibu na wako.

Sikutegemea kuhisi kitu na sikuhisi. Ila nilipolala nilijikuta namfikiria Mwanahawa peke yake, si wewe. Wewe ulikufa unanipenda, hukupata hasara ya kunijua. Yeye amekaa eda ndani ya nyumba ile, na anaamini mkono wake mwenyewe ulimnyima mume. Miaka yote anapika na anakumbuka. Nilipokuwa nacheza uani na shati lako alikuwa ananicheka akiwa na mzigo wangu kichwani.

Kwa hiyo sikiliza. Arobaini yako ni Ijumaa ijayo. Sitangoja Ijumaa, kutakuwa na watu, na mbele ya watu mie nageuka mtani. Nitavuka Jumapili hii, na pantoni likiwa bovu nitatembea kwa kuzunguka Kongowe, miguu ninayo. Nitavaa shati langu. Nitamwomba Mzee Kibwana akae nami, na Athumani akae, ameshakuwa mtu mzima sasa, ana haki ya kujua kwa nini babake alikuwa mgeni. Mwanahawa atakuwa nyuma ya pazia. Nitamsalimia vizuri, habari za hapa shemeji, salamu ambayo hajawahi kuisikia kutoka kwangu. Nitamweleza aliyoniuliza Mama Miwani mlangoni pa stoo na nilivyomjibu. Wakicheka, nitakaa kimya hadi wamalize, halafu nitayasema tena yale yale. Nitayarudia mpaka pasiwe na wa kucheka. Kisha Mzee Kibwana aamue chochote, hata kunikataza kuja Ijumaa.

Nitakwenda na fungu la pilipili mbichi kutoka sokoni Temeke, nitaliacha pale chini ya pazia. Akitaka atalitupa.

Basi, Mzaramo. Salamu zimekosa nafasi, nilijua tu. Tanga lako nitalifungua nikitoka huko, nilianike, lisije likaoza. Wewe pumzika. Jumapili kabla ya adhuhuri Mwanahawa atakuwa anajua kwamba ilikuwa mie.

Maganga