Kiti Changu Kilichozama Nyamwage

Mke wangu Bi Mwajuma, nakusalimu toka Nyamwage. Mihogo ya hapa haifikii yako.

Jana mafundi walikuwa wanatoboa chini ya barabara wapitishe bomba la maji. Wamezungusha utepe, watu wakae mbali. Mie, fundi visima wa Rufiji nzima, nikaweka kiti changu ndani ya utepe.

"Babu, toka, udongo utatitia!" akasema binti msimamizi.

"Wee binti, ardhi naijua kwa unyayo."

Akasimamisha mashine, akaja kunivuta mkono. Hatujafika mbali, kiti kikazama. Binti angekufa kwa mdomo wangu. Kwa aibu niliyoona, hata chai ilinishinda.

Mwambie mwanetu Athumani asishuke kisimani bila ile kamba ya kujifunga kiunoni aliyoitaka. Nilimcheka bure. Mungu akulinde, mama.