Gerrit Yupi Ni Wetu?

Sanduku la Posta 17,
Sakrivier, Karoo.
9 Mei 1983

Wifi yangu mpendwa Aletta,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi letu. Hujambo wewe na watoto? Ule mguu umepona? Sisi tuzima, ila kaka yako Dawid. Kifua kimemshika tangu Pasaka, na daktari ananiambia mimi mambo asiyomwambia yeye.

Aletta, hii ni barua ya tatu. Mbili hukujibu. Labda Perth ni mbali kuliko ninavyojua, lakini leo nimekasirika na nitasema.

Dawid anataka kuzikwa shambani kwa wazee, kando ya Lena wetu. Tulipomzika yule mtoto hakuna aliyetuuliza karatasi. Sasa shamba liko mikononi mwa binamu yenu Faan, na kamati yake ya makaburi inapokea uzao wa Pieter tu, yule mzee aliyebaki na shamba. Jakobus, nduguye Pieter, aliuza fungu lake akahama, basi uzao wake hauna haki pale. Na hao ndugu wawili, kama desturi yetu ilivyo, kila mmoja alimpa mwanawe wa kwanza jina la babu, Gerrit. Gerrit mmoja ndiye babu mzaa babu yenu. Yupi?

Nilipanda lori la sufu hadi kanisani kutazama kitabu cha ubatizo. Gerrit wote wawili walibatizwa Jumapili moja, ile ya Meza ya Bwana, watu walipokuja na magari ya ng'ombe na watoto wao wa mwaka mzima. Mahali pa majina ya wazazi pameingia mvua, hapasomeki. Nikalia mbele ya karani, nikaona haya.

Nilipomweleza Faan, akanicheka. "Shemeji, akina Gerrit huku ni kama mawe. Rusha fimbo kizani, utampata Gerrit."

"Basi rusha," nikamwambia, "na utakayempata muulize baba yake nani."

"Lete karatasi, mama. Maneno hata kondoo wangu wanayo."

Karatasi unayo wewe. Ile Biblia kubwa uliyoondoka nayo mama yenu alipofariki, ndani ya jalada wameandikwa wazazi wa Gerrit wetu. Piga picha ukurasa ule, basi. Biblia kaa nayo, sikunyang'anyi.

Kila gari la posta likipita Dawid anajikokota hadi getini. Akirudi mikono mitupu anasema alikwenda kumtazama mbwa.

Mwanangu Gerrit na Bettie wanakusalimu sana, na shangazi Koba pia. Nisalimie shemeji Colin, uwabusu watoto.

Jambo moja tu. Ukifungua ukakuta ni Jakobus, niandikie mimi, kwa jina langu juu ya bahasha, usimwandikie Dawid. Nitamwambia mchwa wamekula ule ukurasa, kisha nitakwenda kwa Faan nikapige magoti.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako.

Mimi wifi yako, ninayekupenda hata hasira ikinishika,
Hester