Mstari wa Goti Ambao Sikumsomea Baba Zaka

Jumapili, mwezi wa sita. Mvua. Ilianza kabla hatujatoka kanisani na mpaka saa hii ya chai bado inapiga mabati. Nimekaa jikoni karibu na moto, daftari juu ya mapaja, na mara mbili nimefuta mstari wa kwanza.

Zakaria mwanangu, mulembe, amani iwe nawe. Mwalimu wetu wa kisomo alisema kila mama awe na daftari la siku zake, aandike yale yamempata, hata kama ni kuku ametaga tu. Mimi siwezi kuandikia mtu asiye na uso. Kwa hivyo kurasa zote hizi nakuandikianga wewe, na nyingi hutaziona. Za leo nitazikata nizitie kwenye bahasha.

Salamu kwanza. Baba yako anakusalimu, hata kama leo hasemi na mtu vizuri. Nyanya yako, Kukhu Rasoa, anakusalimu sana, macho yamefifia lakini masikio bado makali, anauliza kama huko Ulaya siku hizi wanakupikia obusuma, ugali wa kwetu, au ni viazi tu. Dada yako Muhonja anakusalimu, yuko darasa la saba, ananisahihisha herufi kama mimi ndiye mtoto. Khasandi wetu mdogo anakusalimu, ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anacheka amefunika mdomo. Baba yako mdogo Elamu anakusalimu, na mdomo wake ni ule ule. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Treni, fahali wa baba yako, naye ni mzima, majuzi alipigana akamfukuza fahali wa watu wa ng'ambo ya mto, ngoma za isukuti zikalia mpaka nikasahau shida zangu kidogo. Sote tu wazima. Mimi tu ndiye moyo hautulii.

Barua yako ilifika Alhamisi.

Unajua tangu nijue kusoma, barua zako nazisoma mimi. Zamani ilikuwa ni kumwita mwalimu wa kanisa, na kabla hajamaliza majirani wote wameshajua unakula nini. Sasa baba yako anakaa kwa kiti chake, anavua kofia, anaweka mikono juu ya magoti, nami nasoma.

Leo nikuambie ukweli. Mimi huwa naruka.

Ulipoondoka kabla ya Uhuru ulikuwa umeenda kujifunza kazi ya mitambo ya simu, na mpira ulikuwa wa Jumamosi tu. Halafu ukaandika kwamba kuna timu imekuchukua, inakulipa mshahara kwa kuzuia watu wasifunge bao. Katika barua hiyo ulisema pia unasafisha daluga za wachezaji wakubwa na kufagia vyumba vyao. Mimi nikasoma, "Nafanya kazi uwanjani." Mwaka ule uliposema ulilala njaa kwa kuona aibu kuomba, nikasoma kwamba chakula cha huko ni cha namna nyingine. Ulipopasuliwa kichwa ukashonwa nyuzi sita ukicheza na timu ya akiba, nilisoma habari ya theluji iliyokuwa chini yake mara mbili. Baba yako akasema, "Hiyo theluji anaipenda sana."

Sasa Alhamisi. Kwenye ukurasa mmoja umeandika mambo mawili. Umeandika kwamba timu yako imekuuza kwa timu ya mji mwingine, huko utakuwa sentahafu, yule wa kuzuia katikati, wa timu ya kwanza, si wa kungoja mtu aumie ndipo uingie. Na chini yake, kwa herufi ndogo kama za kuninong'oneza mimi tu, umeandika goti la kulia linavimba kila ukicheza, na watu wa timu mpya hawajui.

Nikaliona goti, nikaliruka. Ile ya kuuzwa nikaisoma kwa sauti kubwa. Wewe mwenyewe ulikuwa umeiandika kwa furaha. Mimi nilidhani ndiyo habari njema.

Baba yako akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Nani amemwuza?"

"Timu yake ya zamani, Baba Zaka."

"Na mimi walinikuta wapi? Walikuja hapa? Walikunywa chai yangu?"

Elamu alikuwa mlangoni, unamjua, hawezi kupita mbali na maneno. Akasema, "Kaka, hata Treni ukimwuza, mnunuzi anakuja na kamba yake, ya kwako inabaki hapa nyumbani. Sasa wewe umebaki na nini? Picha ya gazeti aliyokutumia?"

Akacheka peke yake.

Baba yako alisimama. "Juzi tu tumepandisha bendera yetu," akasema, "halafu mtoto wangu anauzwa huko kwa Wazungu, na mimi nikae hapa nisomewe? Jumatatu naenda posta. Napiga telegramu. Neno moja tu. Rudi."

Na wewe unajua baba yako akisema Jumatatu ni Jumatatu.

Sasa nitaandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Aliposema Rudi, mimi nilifurahi. Niliinama nikajifanya napuliza moto ili wasione uso wangu. Nilikuona umeingia kwa lango na sanduku, nikaona mahali utakapolala, nikaanza hata kufikiria ni kuku gani nitachinja.

Na kuna lingine baya kuliko hilo. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiomba uumie. Si sana. Nilikuwa nasema, Bwana, mguze kidogo, mahali padogo, wamwambie basi mpira umetosha, nenda kwa mama yako. Niliona ni ombi dogo. Sikutaja goti. Lakini niliposoma goti Alhamisi, maneno yako yakanitazama kutoka kwenye karatasi, nami nikajua ni nani aliyeyaita.

Usicheke. Muhonja angecheka, ndiyo sababu hajui.

Ijumaa yote nilikuwa na ile barua ndani ya blauzi. Baba yako akipita nasikia karatasi inalia. Nikimsomea ule mstari mmoja tu, hangengoja Jumatatu. Angetoka na mvua hivi hivi. Mwezi huu ungekuwa nyumbani. Mstari mmoja, Zaka, na mimi ndiye mwenye kuusoma.

Jana nilienda mjini kuuza mboga. Nikirudi nikasikia kelele za uwanjani, nikaingia. Najua, mama mzima na kikapu kichwani. Nilitaka kuona hiyo kazi yako ni kazi gani. Nikasimama karibu na goli, nikamtafuta yule wa katikati nyuma, nikamtazama yeye tu.

Kijana mmoja aliyeegemea baiskeli akaniambia, "Mama, mbona unatazama huku? Mpira uko kule!"

"Sikuja kutazama mpira. Namtazama huyu."

"Ni mtoto wako?"

"Hapana. Wangu anafanya kazi kama ya huyu, lakini Uingereza."

"Uingereza!" Akawaita wenzake. "Njooni muone, huyu mama ana mtoto anacheza sentahafu kwa Malkia!" Wakacheka sana. Halafu yeye akanionea huruma, akasema, "Basi pole, mama. Hiyo kazi haina asante. Unaokoa mara kumi, hakuna anayekumbuka. Unakosa mara moja, uwanja wote unamtukana mama yako." Akashika mdomo. "Samahani, mama."

Nikamwambia, "Hapo nimeelewa. Kumbe na mimi nimo kwenye timu."

Lakini nilibaki nikitazama. Yule kijana wa nyuma hakunyamaza hata kidogo. Alikuwa anawaita wenzake kwa majina, wewe rudi, wewe funga huko, wewe unalala? Mpira ukiwa mbali wengine wanapumzika, yeye bado anahesabu watu kwa macho. Nikasema, huyu ni mimi siku ya mvua, watoto wako nje, nguo ziko nje, na ng'ombe ameingia mahindini. Halafu mpira ukaja juu, akaruka na mtu mwingine, wakaanguka pamoja. Mimi nikashika goti langu mwenyewe, mboga zilizobaki zikamwagika. Kijana akalala pale, akainuka, akachechemea hatua tatu, akaanza tena kuita wenzake.

Alikuwa anafurahi. Hilo ndilo nililoliona. Amepigwa, hakuna aliyempigia makofi, na anafurahi.

Nikajua wewe pia uko hivyo. Nikajua siwezi kukunyang'anya kazi hiyo kwa hila, kwa kusoma mstari ambao wewe ulinipa mimi peke yangu.

Basi leo, baada ya ibada, nilimfuata baba yako zizini. Alikuwa anamkatia Treni nyasi, mvua imemlowesha mabega. Sikumwambia amekosea. Ukimwambia amekosea umemaliza mazungumzo.

Nikamwambia, "Baba Zaka, kosa si la mtoto."

Akakata nyasi.

"Kosa ni la hao wanunuzi. Hawakubisha hodi kwa mwenye nyumba."

"Ndivyo ninavyosema mimi tangu Alhamisi."

"Na wakibisha?"

Akageuka. "Watabishaje kutoka huko? Watapanda meli?"

"Kwa barua. Mkubwa wao akuandikie wewe, kwa jina lako. Aseme nimemchukua mtoto wako, nitamtunza hivi na hivi. Ukiona ni mtu mwenye adabu, unamjibu. Ukiona hana adabu, tunaenda posta mimi na wewe, na hiyo telegramu nitaiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

Alimtupia Treni nyasi zote zilizokuwa mkononi. Treni alikuwa akitafuna tu, hajali.

"Jumapili mbili," akasema. "Sihesabu ya leo. Ya pili ikipita bila barua, Jumatatu yake naenda, hata kama barabara imekuwa mto."

Nikasema asante. Nilikuwa nimeshageuka niende zangu, ndipo akaniita, na sauti yake haikuwa tena ile ya ugomvi.

"Mama Zaka. Na mwili? Ameandika yuko mzima wa mwili?"

Alikuwa ananitazama usoni. Miaka yote hii hajaniuliza hivyo. Nafikiri anajua mimi huruka, nafikiri alijua tangu ile theluji.

Nikasema, "Mzima."

Nilikuwa nimetoka kanisani saa hiyo hiyo.

Ndiyo sababu nilikuwa nafuta mstari wa kwanza. Lile ombi la kuumia nimeliacha tangu Alhamisi, sasa naomba goti lipone, lakini naomba kwa mdomo uliodanganya, sijui kama maombi yanafika.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kabla hujatia sahihi kwa hao watu wapya, vua soksi mbele ya daktari wao umwonyeshe goti. Usiogope. Baba yako hajawahi kumtoa zizini ng'ombe anayechechemea bila kumwambia mnunuzi, na watu wanamheshimu kwa hilo hapa mpaka Lurambi. Wakikukataa kwa ajili ya goti, afadhali wakukatae ukiwa bado unatembea. Wakikuchukua nalo, watalitibu, maana watakuwa wanajua ni lao.

Halafu mwombe mkubwa wao amwandikie baba yako. Sitaki barua ndefu. Mistari mitatu inatosha, mradi jina la baba yako liwe juu na liwe sawa, maana hicho ndicho atakachotazama kwanza. Aandike kwa Kizungu chake, Muhonja atatufasiria. Na hiyo nitahakikisha inasomwa yote, bila kurukwa.

Na wewe niandikie mimi kwenye karatasi ya peke yake, uiweke ndani ya ile nyingine. Uniambie goti lilivyo. Usinipambie. Mimi ndiye niliyekufundisha kupamba, najua ilivyo.

Kisha uniambie unataka nini. Ukitaka kubaki, nitaendelea kufunga mdomo, na uongo wa leo nitaujibu mwenyewe siku ya hukumu. Ukiwa umechoka, sema umechoka tu, huhitaji kueleza. Nitamwita baba yako, nitakaa kwa kiti kilicho mbele yake, nitamsomea barua ya Alhamisi kutoka juu mpaka chini, na telegramu utaipata. Hakuna atakayekucheka hapa. Elamu akicheka nitamjibu mimi.

Lakini useme wewe, Zaka. Usiniachie mimi kuchagua. Mimi nikiachiwa, nakuita leo hii kabla chai haijapoa.

Muhonja anasema barua ya ndege inachukua siku saba kufika na siku saba kurudi. Nikiitia posta kesho, hizo kumi na nne zinaishia Jumatatu ile ile ya baba yako. Kwa hivyo hakuna siku ya kukaa nayo mfukoni, hakuna siku ya kufikiria. Isome umesimama, na uijibu papo hapo kabla hujakaa.

Ni mimi mama yako. Jibu upesi.