Nyasi ya Serikali

Kipsing

Dada yangu Nakolong,

Bwana asifiwe. Huku mvua imekataa, lakini Ewoi wangu amenipa heshima. Kaunti ilipotupa mbegu ya nyasi na waya wa kuzungushia shamba, wazee walimchagua yeye alilinde. Kijana kama huyo hakuna Kipsing nzima!

Juzi mwanao Achuka alifika na ng'ombe wenye njaa, akakata waya. Ewoi akamwambia atoke. Achuka akacheka, "Kwani nyasi ni ya mama yako?" Ewoi akamkata na panga. Mkono wa kulia umeenda, dada. Yuko hai hospitalini, namlisha mimi.

Ewoi amekataa kukimbia. Anakaa kwa geti la shamba la nyasi akimngoja baba yake Achuka. Tafadhali, ficha kwanza bunduki ya mzee wako, ndio umsomee barua hii.

Ni mimi dadako,
Mama Ewoi