Mvamizi wa Bibi Paskazia

Jasmin, Antoni kaumbuka! Mwanahistoria wetu wa podikasti!

Kamwekea bibi yake Paskazia kipindi chake cha vita vya Mjerumani asikilize. Mizinga inalia, kisha sauti ya bibi mwenyewe, aliyomrekodi akisimulia mambo ya zamani: "Alikuja ziwani, mkubwa, mweupe, akameza wenyeji wote."

MWEUPE, shoga. Antoni machozi yanamlenga.

Bibi kashangaa. "Mjerumani gani? Mimi nilisema sangara! Ndiye aliyewamaliza furu, visamaki vyetu vya asili!"

Sangara! Ukoloni mzima ni samaki!

Na Mjerumani anaondoka, bibi hata hajazaliwa.

Antoni akataka kukifuta. Bibi kamkatalia. "Kiache. Miaka ya tisini viwanda vilifunguliwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukaachiwa mapanki, yaani vichwa na mifupa. Safari hiyo Wazungu hata bunduki hawakuleta."