Ampuli Moja ya Naloksoni

Jumatano, Musoma

Kinachoniudhi ni lile boksi. Fomu zimeisha wodini, kwa hiyo tunaandikaga dawa za wagonjwa kwenye vipande vya maboksi. Asubuhi nesi mwenzangu Bhoke alimchoma Marwa, yule aliyevunjika paja, pethidini ya maumivu, akaandika vizuri tu. Mhudumu alipotaka kuchemsha sindano, akawashia jiko kipande hicho hicho. Mimi nikaingia zamu, nikakuta hakuna kilichoandikwa, nikamchoma tena.

Saa nane Marwa alikuwa haamki, anapumua mara tano kwa dakika. Nikampa naloksoni, dawa ya kuzimua pethidini, ampuli pekee iliyobaki kabatini. Akafumbua macho, akaanza kulia mguu unauma.

“Kapumzike, sista, si ameshaamka?” mama yake akaniambia.

“Hii dawa inaisha haraka kuliko ile iliyomlaza, mama. Atazama usingizini tena.”

Akazama kweli, na ampuli nyingine hakuna. Nilikaa namfinya masikio mpaka jioni. Marwa, vuta pumzi! Akawa anavuta.

Mama yake ameniletea sato wawili wa kukaanga, eti nimemwokoa mwanawe. Sikumwambia sindano ya pili ilikuwa yangu.

Nimewala wote wawili.